Unajua la kufanya, mbona hulifanyi? Mwongozo kamili wa kuamua kuhusu afya yako

Miaka ya 1950, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilikutana na fumbo. Magari yenye mashine za eksirei yalisogezwa hadi karibu na makazi ya watu ili wapigwe picha za kifua bure na kifua kikuu kigundulike mapema. Malipo hakuna, maumivu hakuna, safari ndefu hakuna. Bado wengi hawakujitokeza. Mwanasaikolojia Godfrey Hochbaum alipowahoji watu alikuta kwamba waliokwenda na wasiokwenda walitofautiana katika imani mbili. Ya kwanza: ugonjwa huu unaweza kunipata mimi, hata nikiwa sijisikii vibaya. Ya pili: ukigundulika mapema, nitafaidika. Kati ya watu wenye imani zote mbili, asilimia 82 walikuwa wamepiga picha kwa hiari yao. Kati ya wasio na hata moja, ni asilimia 21 tu.

Ushauri mwingi wa afya bado unasemwa kana kwamba fumbo hilo halijawahi kutokea. Tunaambiwa, tunaelezwa, tunaonywa, halafu tunalaumiwa kwa kutosikia. Mvutaji sigara anajua vizuri sana sigara inafanya nini. Anachokosa si taarifa nyingine. Kati ya kujua na kutenda kuna vizuizi vya akili, na kila kimoja kina dawa yake. Kazi ya mwongozo huu ni kukusaidia ujue ni kipi kimekusimamisha wewe.

Unafaa kwa uamuzi mahususi unaokusubiri: kupima au kutopima, kuanza dawa au kungoja, kukubali upasuaji au kutafuta njia nyingine, kuacha kitu kinachokudhuru. Haufai kwa dharura. Maumivu ya kifua yanayobana, uso kupinda ghafla upande mmoja, mkono kulegea, pumzi kukata, damu isiyokoma: hapo usikae kutafakari, tafuta msaada wa dharura mara moja. (Na hata hapo akili hutupotezea muda. Watu hujieleza kuwa ni gesi tu, au ni uchovu, huku dakika zinakwenda.)

Hatua ya 1: Andika uamuzi wenyewe, na uandike pia "kutofanya kitu"

Chukua karatasi. Andika sentensi moja inayosema unaamua nini, kisha orodhesha njia zote zilizopo, na mojawapo iwe ni kuacha mambo yaendelee yalivyo. Wengi huiruka njia hii ya mwisho kwa sababu haionekani kama uamuzi.

Kuna sababu ya kuwa mkali hapa. Mwaka 1990 Ilana Ritov na Jonathan Baron walionyesha kwamba watu husita kumchanja mtoto ikiwa chanjo yenyewe inaweza kuua, hata pale vifo vya chanjo vinapokuwa vichache kuliko vifo ambavyo ugonjwa ungesababisha. Madhara yatokanayo na tendo letu yanatuuma zaidi kuliko madhara yatokanayo na kukaa kimya. Ni hisia ya kibinadamu kabisa, lakini mwili haujali kama hatari imetoka kwenye sindano au kwenye kungoja. Kwa hiyo mbele ya "kutofanya kitu" andika nini kinaweza kutokea katika mwaka mmoja na katika miaka mitano, kama ulivyoandika kwa njia nyingine. Kama hujui, umepata swali la kwanza la kumuuliza daktari.

Hatua ya 2: Chunguza hadithi uliyonayo kuhusu ugonjwa

Kila mgonjwa ana maelezo yake ya kinachoendelea mwilini, awe ameyasema au la. Howard Leventhal, mwanasaikolojia aliyelifanyia kazi jambo hili kwa miongo mingi, aliona kwamba maelezo hayo hujibu maswali matano: ni ugonjwa gani na una dalili zipi, umetokana na nini, utakaa muda gani, utaniletea nini, na je, unaweza kudhibitiwa? Jibu maswali haya kwa maandishi. Andika unachoamini kwa kweli, hata kama unaona aibu nacho. Ukiandika unachodhani daktari angependa kusikia, zoezi hili halitakusaidia.

Chukua presha ya kupanda. Kwa kawaida haina dalili. Leventhal na wenzake walipowachunguza watu wenye presha, matokeo yao yalitoka mwaka 1985, waliona jambo la ajabu: wagonjwa wengi walikubali kwamba mtu hawezi kuhisi presha yake ikipanda, halafu wakasema wao wenyewe wanaweza. Wengine hujua kwa kichwa kuuma, wengine kwa joto usoni. Na walitumia dawa kulingana na dalili hizo. Ukiamini kwamba utasikia presha ikipanda, kuacha vidonge siku unapojisikia vizuri si uzembe, ni hitimisho lenye mantiki kutoka kwenye msingi mbovu. Ndiyo maana kumgombeza mtu wa namna hii hakufui dafu. Kinachosaidia ni kupima presha siku anayojisikia vizuri kabisa, akaiona namba kwa macho yake.

Swali la muda nalo ni mtego mkubwa. Tumezoea magonjwa yanayokuja na kuondoka, hivyo dawa ikiisha tunajihesabu tumepona. Ugonjwa wa kudumu haufuati mfano huo. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, ni takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata tiba yao inavyopaswa. Nusu hiyo nyingine haikukosa duka la dawa.

Ukimaliza kuandika, zungushia mstari jibu moja ambalo huna uhakika nalo. Hilo ndilo la kuhakikisha kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3: Kipe kizuizi jina

Jiulize: kama kesho asubuhi ningetakiwa nifanye jambo hili, ni nini hasa kingenizuia? Jibu la kwanza litakalokuja ("sina muda") mara nyingi ni la adabu tu. Endelea kuuliza mpaka upate jibu linalokukera kidogo.

Huenda ni matumaini yaliyopitiliza. Neil Weinstein alionyesha mwaka 1980 kwamba watu, kwa wastani, hujiona wako mbali na mabaya kuliko wenzao, jambo ambalo haliwezi kuwa kweli kwa wote. Dalili yake ni sentensi kama "babu alivuta sigara mpaka miaka tisini". Tiba yake ni kuacha kujilinganisha na mtu uliyemchagua mwenyewe na kuuliza hatari ya watu wenye umri wako, historia ya familia yako na mwenendo wako.

Huenda ni kutojiamini. Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba mtu hujaribu jambo kwa kiasi anachoamini kuwa analiweza, na kwamba imani hiyo hujengwa zaidi na mafanikio halisi kuliko maneno ya kutia moyo. Basi punguza ukubwa wa hatua ya kwanza hadi usiweze kushindwa.

Huenda ni aibu: kuvua nguo mbele ya mgeni, kuzungumzia choo, kukiri kiasi unachokunywa. Aibu hupungua ikisemwa mapema. Mwambie mhudumu mlangoni, "Naona aibu kulisema jambo hili," kisha ulisome kutoka kwenye karatasi yako. Hakuna anayekukataza kusoma.

Huenda ni usumbufu mtupu: foleni, ruhusa ya kazini, mtu wa kubaki na watoto. Kizuizi hiki hudharauliwa mno kwa sababu hakionekani kuwa cha kisaikolojia, na kwa maoni yangu ndicho cha kushughulikia kwanza kila mara. Usichimbe nafsi yako ilhali tatizo ni saa za kufungua kliniki.

Au ni hofu, na hofu inahitaji hatua yake yenyewe.

Hatua ya 4: Ipe hofu njia ya kutokea

Imani iliyoenea ni kwamba ukimtisha mtu vya kutosha atabadilika. Mwaka 1965 Leventhal na wenzake walijaribu hilo kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale waliopewa vijitabu kuhusu pepopunda. Baadhi vilikuwa vya kutisha, vingine vya upole. Vya kutisha viliwafanya wanafunzi waone chanjo kuwa muhimu zaidi na waseme watachanjwa. Lakini waliokwenda kweli, katika kundi lililopewa maelezo tu, walikuwa asilimia 3 hivi. Kundi jingine liliongezewa ramani ya kituo cha afya cha chuo chao chenyewe, na ombi la kupanga ni saa ngapi wangepita huko. Hapo walikwenda karibu asilimia 28. Kiwango cha vitisho hakikuleta tofauti kubwa katika kwenda. Mpango ndio ulioileta.

Kim Witte alieleza mwaka 1992 kinachotokea hofu inapokuwa kubwa na mtu haoni la kufanya: anaacha kupambana na hatari, anaanza kupambana na hofu yenyewe. Anageuza mada, anafanya mzaha, anasema wataalamu wamehongwa, haendi kuchukua majibu. Kama unajitambua hapa, usijiongezee picha za kutisha. Fanya mambo mawili. Andika kwa ufupi unachokiogopa, maana "naogopa majibu" na "naogopa kufa kwa maumivu kama mama" ni hofu mbili zenye majibu tofauti. Kisha, kabla hujapima, uliza: wakiona tatizo, hatua inayofuata ni ipi, na mafanikio yake ni kiasi gani? Ukilijua jibu la swali hilo, utakuwa unaingia chumba cha vipimo ukijua na njia ya kutokea.

Kuna hali moja ya kutazamwa kwa makini. Ukiwa na huzuni nzito iliyodumu wiki kadhaa, usingizi umevurugika na kila njia inaonekana haina maana, inawezekana una sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, na uamuzi unaotaka kufanya unatoka kwenye ugonjwa huo. Sonona inatibika. Mweleze mhudumu wa afya kuhusu hali hiyo kwanza, na kama unafikiria kujidhuru, usibaki peke yako: itafute huduma ya dharura leo.

Hatua ya 5: Zigeuze namba kabla ya kuziamini

Oktoba 1995, kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilionya kwamba vidonge vya kupanga uzazi vya "kizazi cha tatu", yaani vya aina mpya wakati huo, vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, yaani ongezeko la asilimia 100. Wanawake wengi waliviacha kwa hofu. Mimba zisizotarajiwa ziliongezeka, na mwaka uliofuata Uingereza na Wales zilihesabu utoaji mimba wa ziada unaokadiriwa kufikia 13,000. Sasa tazama hatari yenyewe: ilikuwa imepanda kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Taarifa zote mbili ni za kweli. Moja inakufanya ukimbie, nyingine inakufanya ufikiri. Na ujauzito wenyewe, unaokuja mtu akiacha vidonge, huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge hivyo.

Kila unapoambiwa kitu kinaongeza au kinapunguza hatari kwa asilimia fulani, uliza: kutoka ngapi hadi ngapi, kati ya watu wangapi, katika muda gani? Kisha igeuze kauli. Mwaka 1982 Barbara McNeil, Amos Tversky na wenzao waliwapa watu uchaguzi kati ya upasuaji na mionzi kwa saratani ya mapafu. Waliosomewa takwimu za wanaopona upasuaji waliuchagua upasuaji zaidi kuliko waliosomewa takwimu zilezile kama idadi ya wanaokufa. Madaktari nao hawakusalimika na mtego huo. Basi ukiambiwa 90 kati ya 100 wanatoka salama, jisemee kwa sauti: 10 kati ya 100 hawatoki. Ukiona uamuzi wako unayumba kwa kugeuza sentensi tu, bado hujaamua. Umevutiwa na maneno.

Hatua ya 6: Mkisikia kisa cha fulani, kipeni nafasi yake

Tversky na Daniel Kahneman walieleza mwaka 1973 kwamba tunapima uwezekano wa jambo kwa wepesi wa mifano yake kutujia akilini. Kisa kimoja cha shangazi aliyepata shida baada ya sindano kina sura, sauti na machozi. Takwimu hazina.

Kisa hicho usikitupe, kinaweza kuwa na somo. Kiulize maswali: huyu mmoja ametoka katika wangapi? Shida yake ilifuata matibabu, au ilisababishwa nayo? Na kuna jambo linalosahaulika: kinga haina mashahidi. Aliyenusurika kwa sababu alichanjwa hajui kwamba alinusurika, hivyo hana kisa cha kusimulia. Mazungumzo ya mtaani na ya mitandaoni lazima yaegemee upande mmoja, hata pasiwe na mwongo hata mmoja.

Hatua ya 7: Jiandae kwa madhara unayoyatarajia

Watafiti wa Imperial College London waliwachukua watu 60 walioacha dawa za kushusha lehemu (kolesteroli), ziitwazo statini, kwa sababu ya maumivu na madhara mengine. Kwa mwaka mmoja, kwa miezi iliyochanganywa, walipewa chupa za statini, chupa za vidonge visivyo na dawa ndani, na chupa tupu. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: takriban asilimia 90 ya ukali wa dalili walizopata kwa statini walizipata pia kwa vidonge visivyo na kitu. Tafadhali usisome hapo kwamba walijifanya. Maumivu yalikuwa ya kweli. Chanzo chake kikubwa kilikuwa tendo la kumeza kidonge na kutarajia mabaya. Baada ya kuonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walirudia dawa.

La kufanya: kabla ya kuanza dawa mpya, andika kwa wiki moja maumivu na uchovu ulio nao tayari. Utashangaa ni mengi. Ukishaanza, endelea kuandika. Utakuwa na kitu cha kulinganisha, na daktari atakuwa na kitu cha kusoma. Usiache dawa kimyakimya. Lakini ukipata uvimbe wa uso au koo, vipele vinavyoenea haraka au kushindwa kupumua: hizo si za kuandika daftarini, ni za kukimbizwa hospitali.

Hatua ya 8: Ndani ya chumba cha daktari

Maswali matatu yanatosha kubeba mazungumzo mengi: njia nilizonazo ni zipi, faida na madhara ya kila moja ni yapi, na uwezekano wake kwa mtu kama mimi ni kiasi gani? Ongeza la nne, ambalo watu huona haya kuliuliza: ni lazima niamue leo? Mara nyingi jibu ni hapana, na usiku mmoja wa kulala hubadilisha mengi.

Nenda na mtu asiye na woga wa kuuliza, mwachie kazi ya kuandika. Kabla hujaondoka, rudia kwa maneno yako mwenyewe ulichoelewa, daktari akusahihishe. Na kumbuka kwamba upande wa pili wa meza kuna akili kama yako. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba madaktari waliandika antibiotiki zaidi kwa maambukizi ya njia ya hewa kadiri saa za zamu zilivyosonga. Ukiweza kuchagua, chukua miadi ya mapema.

Hatua ya 9: Fanya uamuzi uwe na saa na mahali

"Nitaanza mazoezi" ni matamanio. "Jumatatu, nikishavua viatu vya kazi, nitatembea dakika ishirini" ni mpango. Peter Gollwitzer ameandika sana juu ya muundo huu wa *nikifika pale, nitafanya hili*. Hauhitaji ari, unahitaji kiashirio ambacho tayari kipo katika siku yako. Usitarajie miujiza: katika jaribio la chanjo ya mafua lililochapishwa mwaka 2011, kuwaomba wafanyakazi waandike tarehe na saa kuliongeza waliochanjwa kwa pointi 4 hivi juu ya asilimia 33. Ni kidogo, lakini gharama yake ni kalamu.

Kwa mazoea ya kila siku, jipe muda. Phillippa Lally na wenzake wa London walikuta mwaka 2010 kwamba zoea lilichukua takriban siku 66 kukomaa, huku watu wakitofautiana kati ya 18 na 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kinachoharibu ni wazo linalofuata, lile la "nimeshavuruga, basi na iwe". Andika sasa, ukiwa mtulivu, utafanya nini siku utakapoteleza.

Hatua ya 10: Anayeamua akiwa si wewe

Hapa wengi wetu huharibu, kwa mapenzi tu. Mzazi amekataa kupima, mwenza hataki kuacha pombe, nasi tunaleta hoja. Kila hoja yetu inamlazimisha atoe ya kwake ya kupinga, na kadiri anavyojisikia akipinga ndivyo anavyozidi kuamini. William Miller aliligundua hili katika tiba ya walevi, akaanza kuandika mwaka 1983 juu ya mazungumzo yanayomfanya mtu aseme mwenyewe sababu zake za kubadilika.

Jaribu swali hili: "Kuanzia 0 hadi 10, unaona kupima kuna umuhimu gani kwako?" Akisema 4, usiulize kwa nini si 9. Uliza kwa nini si 1. Ili akujibu, itabidi atafute sababu za kupima, na zitatoka kinywani mwake. Sikiliza, zirudie kama alivyozisema, kisha uliza: "Ungependa nikusaidie sehemu gani?" Akisema hataki kitu, muulize kama unaweza kuligusia tena mwezi ujao, na mwezi ujao uligusie kwa swali lilelile, bila lawama, hata kama namba imeshuka hadi 3.